Gasketi ya Shangazi

Barasa mwanangu,

Nakuandikia barua na wewe uko hapa hapa, upande wa pili wa pazia, unakoroma kama mtu aliyemaliza kazi zake zote. Mtu akiniona ataniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini nakujua, na mimi pia najijua. Tukianza kuongea nitapandisha sauti, wewe utaniambia, "Mathe, wacha stress," utatoka nje, na asubuhi utawasha gari uende zako. Kwa hivyo nimechukua kalamu nikaketi mezani, katikati ya sufuria za wageni ambazo bado sijaosha.

Sina maagizo ya kukupa. Kupika nilikufundisha mwenyewe, na ukivaa shati chafu huko Eldoret sitakuwa karibu nione haya. Kanisa utalitafuta ukitaka. Wasichana utawatafuta hata nikikukataza. Nataka tuzungumze habari ya Shangazi tu.

Najua hupendi nikianza habari za hilo gari. Umelifanyia kazi mwezi mzima pale Makina kwa Fundi Ramadhani, ukirudi nyumbani mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na mimi nilikuwa naona fahari. Naona hata sasa. Mimi ndiye niliyesema liwe lako, uanzie maisha nalo, ufanye kazi ya teksi huko pamoja na rafiki yako Kevo, na neno hilo sijalirudisha. Gari ni lako. Lakini kesho sitaki uende nalo. Nitakuambia kwa nini, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kununa.

Leo alasiri akina mama wa kanisa walipokuja kukuombea safari, uliwafungulia boneti waone injini inavyong'aa. Ukaingia ndani, ukakanyaga mafuta, Shangazi akanguruma, ukatoa kichwa dirishani ukawaambia, "Skizeni, wamathe. Hii sasa ni ka imetoka showroom." Wakacheka, wakafunga boneti, wakaweka mikono juu yake wakaanza kuomba, kila gurudumu likiombewa peke yake. Mimi nilisimama nyuma, karibu na bomba la moshi, maana ndipo palipobaki nafasi. Hapo ndipo niliponusa. Ulitoka moshi mweupe, mzito, wenye utamutamu fulani, kama unaotoka wakati maji ya rediata yanachomeka mahali ambapo hayakupaswa kufika. Wenzangu wote walikuwa wamefumba macho. Mimi nilifumbua yangu nikautazama ule moshi unavyopanda mbele ya ukuta wa ploti. Waliposema amina, nilisema pamoja nao.

Ulipoenda Kambi Muru kuwaaga marafiki zako, nilingoja injini ipoe. Nikafungua kifuniko cha rediata, nikawasha, nikarudi kutazama. Kwanza hakukuwa na kitu, nikaanza kujilaumu kwa kukosa imani. Kisha povu moja likapanda, likafuatwa na jingine, halafu yakaja mengi kama uji unaotaka kuchemka. Nimeendesha gari hili tangu ukiwa mtoto, nikibeba sufuria na viti vya kukodisha kutoka Kawangware mpaka Ngong, na hayo mapovu nayajua kama ninavyokijua kikohozi chako. Gasketi inavuja tena. Umeifunga juzi tu na tayari inavuja.

Unakumbuka ulivyonieleza gasketi ni nini? Ulikuwa kidato cha pili. Ulichukua vipande viwili vya mkate, ukaweka chapati yangu katikati, ukasema, "Mum, huu mkate wa juu ni kichwa cha injini, wa chini ni injini yenyewe, na hii chapati ndiyo inazuia moto, maji na oil zisikutane." Halafu ukala mafunzo yako yote. Kwa miaka yote niliyokuwa nimelipa mafundi, hakuna aliyekuwa amenieleza vizuri hivyo.

Nikampigia simu Ramadhani. Mzee huyo hana haraka hata kwenye simu. Alinisalimu, akauliza habari ya mgongo wangu, akauliza kama mvua imefika huku Gatina, Kawangware, na mimi nasubiri nafasi ya kusema. Nilipomwambia nilichoona, akapumua.

"Mama Barasa, mimi nilimwambia," akasema. "Hiyo hedi, kichwa cha injini, imepelekwa kwa mashine mara nyingi mpaka haina kitu cha kuparuzwa tena. Imepinda, na maji ya chumvi yameila. Nikamwambia tutafute ingine kwa gari iliyovunjwa, asubiri wiki mbili tatu hivi. Akaniambia, 'Funga tu, mzee. Alhamisi naenda.'"

Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Wallahi nilidhani ni wewe unaongea," akasema.

Barasa, niliketi kwenye ngazi za ploti. Nilikuwa nimejiandaa kukuwakia moto kwa sababu ulinificha. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Lakini badala ya hasira nikaona haya, nikabaki hapo watu wakinipita na ndoo zao wakinisalimu, nami naitikia bila kujua naitikia nini.

Kwa sababu ni kweli. Ni mimi kabisa. Unayakumbuka mazishi ya kukhu, nyanya yako, lakini ulikuwa mtoto, na sijui ulielewa kiasi gani.

Mama yangu alifariki hapa Nairobi alipokuja kutibiwa. Shangazi alikuwa ameunguza gasketi siku chache kabla, na alikuwa pale pale Makina kwa Ramadhani, amefunguliwa. Ramadhani akaniambia kichwa cha injini kimepinda, lazima kipelekwe kwa mashine kinyooshwe, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ile ya zamani. Nikamwambia hatuna nafasi. "Weka gasketi, ufunge," nikasema, "Jumamosi tunazika." Akachukua spana.

Kikundi chetu cha watu wa nyumbani kilikuwa kimekodisha basi la kubeba jeneza na waombolezaji, kama tunavyofanyiana siku zote, na kiti cha kwanza nyuma ya dereva kiliwekwa cha binti wa marehemu. Nilikikataa. Nitakuambia sababu, maana sijawahi kumwambia mtu. Wakati tulipoishi chumba kimoja Kambi Muru, mama alikuja kunitembelea. Alilala amekunja miguu kwa sababu ukiinyoosha inagonga jiko. Maji machafu yalikuwa yanapita mbele ya mlango. Aliporudi kijijini aliwaambia watu kwamba binti yake anaishi vizuri mjini, ana nyumba nzuri. Alinidanganyia, mama wa watu, mtu ambaye hakuwa na mazoea ya uongo. Nilitaka siku ya kumzika watu waone kwamba alisema kweli. Nilitaka niingie boma lile nikiendesha gari langu mwenyewe.

Basi nikafunga kitambaa chekundu kwenye kioo, nikawasha taa mchana, tukafuata lile basi, mimi na wewe na sufuria za chakula cha waombolezaji nyuma. Tulipofika Gilgil mshale wa joto ukapanda, na mvuke ukatoka kwenye boneti. Mwenyekiti wa kikundi akanipigia simu kutoka kwenye basi. "Mama Barasa, tuwangoje? Kuja, tutabanana." Nikamwambia, "Nyinyi endeni, tunawafuata sasa hivi."

Tulilala ndani ya gari, umejifunika koti langu. Asubuhi nikatafuta fundi, naye akamtuma mtu Nakuru kutafuta gasketi, na huyo mtu akakawia. Malori yalipita, mabasi yakapita. Hata mwenye pikapu ya viazi alisimama akatuuliza kama tunaelekea mbele, akasema kuna nafasi. Nikamwambia nangoja fundi. Ndipo wewe, mtoto wa darasa la sita, ukaniuliza, "Mum, kwani hatuwezi kuacha gari hapa?" Nilikukemea. Nilikuambia hujui unachosema, nani anaacha gari barabarani. Pikapu ikaondoka, na mimi nikaketi kulinda gari.

Tulifika jua limezama. Kaka yangu alikuja getini akasema, "Tulikungoja mpaka saa tisa, mvua ikaanza." Hakuongeza neno na mpaka leo hajaongeza. Nilienda kaburini nikachota udongo, kama watoto wengine wote walivyofanya mchana, halafu nikabaki nao mkononi. Shimo lilikuwa limejaa. Sikujua niutupe wapi. Ulikuwa umesimama karibu nami ukanishika sketi, nami nikaufinya ule udongo mpaka ukawa tope.

Watu waliliona gari, usidhani hawakuliona. Watoto walilizunguka wakigusa taa zake mpaka giza likaingia.

Ungedhani baada ya hapo ningejifunza. Wapi! Niliporudi Nairobi nilikuwa na harusi ya kuhudumia wiki iliyofuata, na ile gasketi ya Gilgil ilikuwa bado inashikilia, nikasema Shangazi amepona. Ilipoungua tena nilikuwa na mazishi ya mtu mwingine. Kila mara kulikuwa na kitu Jumamosi. Fundi mmoja wa hapa Kawangware aliitoa thamostati, ile ya kudhibiti joto la maji ya injini, akaitupa, akasema hiyo ni ya nchi za baridi, sisi haituhusu, nami nikamshukuru. Nilijaza rediata maji ya kisima cha ploti, yale ya chumvi tusiyoweza hata kunywa, kwa sababu yalikuwa karibu. Siku Ramadhani aliponionyesha jinsi yalivyokila kile kichwa, kina matundu kama jino lililooza, nilimwambia akipeleke kwa mashine, wakakiparuza, na mimi nikarudi kujaza maji yale yale. Na wewe ulikuwa unakua ukiyaona haya yote. Ulijifunza kwangu kwamba gari likiumwa mtu hutafuta njia ya kulifikisha Jumamosi.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kukufokea. Hukuniibia kitu wala hukunidharau. Ulifanya kile ulichoniona nikifanya, na ulinificha kwa sababu ulijua nitakachosema, kama mimi nilivyokuwa najua atakachosema Ramadhani.

Lakini naogopa, Barasa. Naogopa sana na sitaki kujifanya jasiri kwenye karatasi. Kutoka hapa mpaka Nakuru labda Shangazi atakuvumilia. Baada ya hapo unaanza kupanda kuelekea Timboroa, na huko kuna baridi, kuna ukungu, na malori yanashuka upande wa pili kama yamefukuzwa. Gari likizima kwenye ule mlima hakuna mahali pa kulisukumia. Utakuwa peke yako, umeinama chini ya boneti, unamwaga maji, huku umegeuzia barabara mgongo. Naiona hiyo picha kila nikifumba macho. Sitaki kupigiwa simu na mtu nisiyemjua akitumia simu yako.

Najua kinachokusukuma. Umeshamwambia Kevo kwamba unakuja ukiendesha. Umewaambia wa Kambi Muru pia, na leo umewaambia mpaka akina mama wa kanisa. Ukishuka kwenye basi na begi mgongoni, Kevo atakuuliza, "Niaje, na ile ndinga?" na wenzake watacheka. Waache wacheke. Mimi nilidhani watu wa nyumbani wangenicheka nikishuka kwenye basi la kikundi, na nikikumbuka sasa, nani angecheka kwenye mazishi ya mama yangu? Walikuwa wameniwekea kiti. Nilikuwa nashindana na watu ambao hata hawakuwa wamekuja.

Ramadhani amesema atatafuta kichwa kingine, na safari hii nimemwambia achukue muda wake, akague, apime, asali swala zake zote katikati. Tukikipata utakuja uchukue gari lako, na hata ukisema utakuja wakati wa Krismasi litakuwa hapa. Baba Njoroge mwenye ploti atalalamika kwamba linamwagia saruji yake mafuta. Amelalamika tangu tuhamie hapa na bado hajatufukuza. Kevo ana gari, unaweza kuanza kwa kushika zamu zake za usiku. Si ulivyopanga, najua. Naumia kwa ajili yako, maana nimeona jinsi ulivyoiosha hiyo injini kwa mswaki.

Kuna jambo jingine ninalotaka ulijue, na halihusu safari. Wakati wote nilipokuwa natia gasketi mpya juu ya kichwa kilichopinda, sikuwa mjinga. Nilijua. Kila mara nilijua kabisa. Nilikuwa nategemea tu kwamba safari hii itakuwa tofauti, na kwa sababu wakati mwingine ilishikilia miezi mingi, nilianza kuamini. Ndiyo maana sikuambii kwamba hujui kazi. Kazi unaijua kuliko mimi. Ulipokuwa unafunga zile bolti ulijua, na ukaendelea kufunga, na usiku huu unalala usingizi mzito hivi kwa sababu umeamua kuamini. Mimi pia nililala vizuri usiku wa kuamkia safari ile.

Basi. Utakapoenda nje utatia ufunguo na hakuna taa itakayowaka. Usimwite fundi, na usimlaumu mlinzi wa ploti. Mimi ndiye niliyetoa betri. Ulipokuwa umeshalala nilishuka na spana ya kumi nikaifungua, nikaifunga kwa leso, nikapanda nayo ngazi huku napumzika kila ghorofa. Iko chini ya kitanda changu.

Sijakunyang'anya gari. Wewe ni mtu mzima, na ukiitaka betri nitakupa, nitashuka nawe nikushikie taa ukiifunga. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo uniambie mwenyewe, ukinitazama usoni, kwamba umeyaona mapovu na bado unaenda. Ukiweza kulisema hilo, betri ni yako. Ukishindwa, keti hapo kitandani, tunywe chai, halafu nitakusindikiza mpaka stendi, begi moja nibebe mimi.

Njoo saa yoyote. Usiogope kuniamsha, sitakuwa nimelala.

Mama yako